WEWE NDIYE ADMINI WA MTANDAO WA DUKA LAKO: Funga milango hii 9 kabla tapeli hajaingia

Leo hatuongelei matangazo wala namna ya kupiga picha ya bidhaa. Leo ni ulinzi. Posti ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta pa kukaa na uwe na daftari na kalamu karibu.

Naanza na yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa sita, msimu wa mavuno, kipindi ambacho sisi wauza mchele wa Ifakara hatulali. Oda zinaingia kutoka Dar, Morogoro mjini, Dodoma. Siku hiyo nilikuwa mashineni nasimamia kukoboa, simu ya biashara nimemwachia kijana wangu dukani. Ikapigwa simu. Mtu anaongea kwa adabu kabisa, anajitambulisha kuwa ni wa ofisi ya mizigo, anasema kuna mzigo wetu umekwama hauna jina la mpokeaji. "Kuna namba sita zimeingia hapo kwa meseji, hebu nisomee nithibitishe mzigo utoke." Kijana akasoma. Tena siwezi kumwita mjinga, alikuwa anahangaika kazi iende.

Dakika chache baadaye WhatsApp ya biashara ikajitoa kwenye simu yetu. Zile namba sita zilikuwa za kufungulia WhatsApp, na tapeli alishaifungua kwenye simu yake. Meseji za zamani hakuziona, ila magrupu aliyaona, likiwemo grupu letu la wateja. Akaandika kwa jina langu na picha yangu: "Mchele wa bei ya jana unaisha, anayetaka alipie sasa hivi kwa namba ya msaidizi wangu, Lipa Namba inasumbua leo." Wateja watatu wakatuma hela.

Niliwapelekea mchele wao wote watatu kwa gharama zangu. Faida ya wiki nzima iliishia hapo. Wawili bado ni wateja wangu. Mmoja hajarudi mpaka leo, na simlaumu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kulinda ile akaunti kungenichukua dakika mbili tu. Nilikuwa najua kuna kitu kama hicho, nikawa nasema nitafanya kesho. Ndiyo maana naandika leo.

KWA NINI SISI WA BONDE LA KILOMBERO TUWE MAKINI MARA MBILI

Tuambiane ukweli. Katika taarifa za robo mwaka za TCRA kuhusu majaribio ya utapeli kwa njia ya simu, mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa juu. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania anazijua. Matokeo yake, mteja wa Dar akisikia muuzaji yuko Ifakara au Mlimba, anauliza maswali mawili zaidi kabla ya kutuma hela. Wewe unauza mchele safi, samaki wakavu, mbao au vitenge kwa jasho lako, lakini unabebeshwa doa la watu wengine.

Sasa fikiria namba yako halali, ambayo mteja aliiamini, ndiyo itumike kumuibia. Hapo hujapoteza hela tu. Umemthibitishia alichokuwa anakiogopa. Kwetu sisi, ulinzi wa mtandao ni sehemu ya ubora wa bidhaa, sawa na kupepeta mchele na kupima kilo kamili.

ADMINI NI NANI?

Kampuni kubwa zina mtu anayeitwa admini wa mtandao. Kazi yake ni kujua vifaa vyote vilivyounganishwa, nani ana ruhusa ya nini, funguo ziko wapi, na nini kifanyike siku mambo yakiharibika. Wewe utasema, "Mimi nina simu mbili na laptopu moja, mtandao gani huo?" Hebu hesabu: laini ya biashara, WhatsApp, Instagram, Facebook, baruapepe, Lipa Namba, rauta ya WiFi, laptopu, printa, labda na kamera ya dukani. Huo ni mtandao wa biashara. Na kama hakuna mtu uliyemwajiri kuulinda, basi admini ni wewe.

Kazi ya kwanza kabla ya yote: chukua ukurasa mmoja wa daftari, chora safu nne. Andika kifaa au akaunti, nani anaishika, namba ya simu au baruapepe ya kuirejeshea ikipotea, na tarehe uliyobadilisha nenosiri mara ya mwisho. Usiandike nenosiri lenyewe hapo. Wengi tukifika safu ya tatu tunashtuka: akaunti ya Instagram imefungwa kwa baruapepe ya mtu aliyetufungulia mwaka 2019, na hatujui yuko wapi. Rekebisha hiyo leo, maana mwenye baruapepe hiyo ndiye mwenye akaunti.

Sasa twende mlango kwa mlango.

MLANGO WA 1: LAINI YA SIMU

Naanza hapa kwa sababu karibu kila akaunti ukisahau nenosiri, inakutumia namba za kuthibitisha kwenye laini. Anayeishika laini yako anashika kila kitu.

- Hakikisha laini ya biashara imesajiliwa kwa NIDA yako na alama yako ya kidole. Usajili wa alama za vidole ulianza 2019 na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Haraka ile iliwafanya wengi wasajiliwe na shemeji au jirani. Siku laini ikipotea, kuirudisha kunamtaka aliyesajili. Kama yuko mbali au mmegombana, biashara imesimama.
- Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaiondoe. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitapeli watu, utaanza kuulizwa wewe.
- Weka PIN kwenye laini yenyewe, siyo kwenye simu tu. Mwizi akichomoa laini na kuiweka simu nyingine, itaomba PIN. Angalizo: ukikosea mara 3 inadai PUK, kwa hiyo kwanza jua PIN ya sasa ya laini yako, ndipo ubadilishe.
- Usipige namba yoyote ya nyota na reli unayoelekezwa na mtu usiyemjua. Ile yenye 21* inahamisha simu zako zote ziende kwa mtu mwingine, kisha anaomba namba za WhatsApp zisomwe kwa simu ya sauti, zinasomwa kwake. Ukihisi umeshafanya hivyo, piga ##002# kufuta uhamishaji wote.
- Piga *#06#, andika namba ya IMEI kwenye daftari lako. Simu ikiibiwa utaihitaji polisi.

MLANGO WA 2: WHATSAPP YA BIASHARA

Hizi ndizo zile dakika mbili zangu. Ingia Mipangilio, Akaunti, halafu Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu 6 na baruapepe ya kurejeshea. Ukishaweka, hata mtu akipata zile namba sita za meseji, hawezi kuingia bila PIN yako. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala 123456.

Halafu fungua sehemu ya Vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp inaruhusu vifaa hadi vinne zaidi ya simu kuu. Ukikuta kompyuta usiyoijua, au ile ya steshonari uliyotumia kuprinti ankara mwezi uliopita, iondoe hapo hapo.

Na kanuni moja ya kubandika ukutani dukani, kwa herufi kubwa: NAMBA ZINAZOINGIA KWA MESEJI HAZISOMWI KWA MTU YEYOTE. Siyo ofisi ya mizigo, siyo huduma kwa wateja, siyo bosi mwenyewe akipiga kwa namba ngeni.

MLANGO WA 3: MALIPO

Meseji ya "umepokea" siyo hela. Meseji inaweza kutengenezwa na mtu yeyote, na skrinishoti ya muamala inatengenezwa kirahisi zaidi. Hela ni ile iliyopo kwenye salio. Kabla mzigo haujatoka, fungua menyu yako mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Angalia salio au miamala ya mwisho. Mteja akikuharakisha, "dereva anaondoka, mbona humuamini mtu," ndiyo uangalie taratibu zaidi.

Akija mtu na "nimekosea kutuma, nirudishie," usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urudishwe. Kwanza hakikisha hiyo hela imeingia kweli, maana mara nyingi hakuna hela yoyote, kuna meseji tu.

Upande wa mteja nako kuna kazi. Weka kwenye wasifu wako Lipa Namba moja, na jina linalotokea mtu akilipa. Andika hivi, bandika juu ya ukurasa: "Hatubadilishi namba ya malipo kwa meseji. Ukiambiwa imebadilika, usilipe. Tupigie simu ya kawaida usikie sauti." Ningekuwa na maneno haya mwezi ule wa sita, wale watatu wangenipigia kwanza.

MLANGO WA 4: RAUTA YA WIFI

Rauta nyingi zinakuja na jina na nenosiri la kiwandani la kuingilia kwenye mipangilio, mara nyingi "admin" na "admin". Mwaka 2016 kulikuwa na programu hasidi iliyoitwa Mirai. Ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani, yapatayo 60 tu, kwenye kamera na rauta za watu. Iliteka vifaa vingi mno, na Oktoba 21 mwaka huo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa sehemu nyingi. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kosa lao lilikuwa kutobadilisha neno moja.

Fanya hivi:
- Unganisha simu kwenye WiFi, fungua kivinjari, andika anuani iliyo kwenye stika chini ya rauta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1.
- Badilisha nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio. Hili ni tofauti na nenosiri la WiFi. Badilisha yote mawili.
- Kwenye usalama wa WiFi chagua WPA2 au WPA3. Ukiona WEP au "wazi", hapo huna mlango kabisa.
- Zima WPS na zima usimamizi wa mbali, kama huvitumii.
- Washa mtandao wa wageni. Wateja wanaosubiri dukani, madereva, marafiki, wote waingie huko. Laptopu, printa na kamera vibaki kwenye mtandao mkuu, ambao nenosiri lake mnalijua wewe na mtu mmoja.
- Angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukihesabu vitano vyako na rauta inaonyesha tisa, kuna wanne wanakula bando lako, na hujui wanafanya nini kwa jina lako.

Kama huna rauta na unatumia hotspoti ya simu, mambo ni yale yale: nenosiri refu, na uizime ukimaliza.

MLANGO WA 5: LAPTOPU NA KOMPYUTA

Ule ujumbe wa "kuna apdeti" tunaoufuta kila siku una maana yake. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kwenye nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wameapdeti, hakikuwapata kupitia tundu hilo.

- Ruhusu apdeti zijiweke. Kama bando ni tatizo, tenga usiku mmoja kwa wiki kwa kazi hiyo.
- Microsoft waliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kama laptopu yako inaweza kupanda kwenda Windows 11, pandisha. Kama haiwezi, isiwe ndiyo unayofungulia akaunti za hela.
- Tengeneza akaunti mbili: moja ya admini unayoifungua siku ya kuweka programu tu, nyingine ya kawaida kwa kazi za kila siku. Kirusi kikiingia kupitia akaunti ya kawaida, mikono yake inakuwa mifupi.
- Programu "zilizovunjwa" za bure mara nyingi ndizo zinazobeba wadudu. Kuandika hesabu na ankara kuna programu halali za bure, kwa mfano LibreOffice.
- Flashi iliyotoka steshonari ichanganuliwe kwa antivairasi kabla hujafungua faili. Ikiwezekana, ukitaka kuprinti nje, tuma faili kwa baruapepe uliyoifungua kwa kazi hiyo tu.

MLANGO WA 6: MANENOSIRI

Ifakara2024, mchele123, jina la mtoto na mwaka. Nimekutaja? Hata mimi nilikuwa huko.

Urefu unasaidia kuliko manjonjo. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe, kwa mfano neno la jikoni, la safari, la mnyama na la fundi. Wewe utakumbuka, kompyuta itapata tabu kukisia. Usitumie nenosiri moja kila mahali: tovuti moja ikivuja, wanajaribu neno hilo hilo kwenye baruapepe yako, Facebook, kila pahali.

Kama hukumbuki yote, tumia programu ya kutunza manenosiri. Kama huiamini, daftari lililofungiwa nyumbani ni bora kuliko nenosiri moja kwa akaunti kumi. Lisikae dukani karibu na kaunta tu.

Baruapepe iwe ya kwanza kuwekewa uthibitishaji wa hatua mbili, halafu Facebook na Instagram. Ikikupa namba za akiba, ziandike kwenye karatasi uzitunze mbali na simu. Simu ikizama mtoni, hizo ndizo zitakazokurudisha.

MLANGO WA 7: WATU

Kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliibiwa taarifa za kadi za wateja zipatazo milioni 40 mwaka 2013. Wezi waliingia kwa kutumia ruhusa ya mtandao aliyopewa mkandarasi wa majokofu. Fundi wa friji! Hakuwa na nia mbaya, ila aliibiwa nenosiri lake, na nenosiri hilo likawa mlango wa kuingilia kwa kampuni nzima.

Kwetu sisi fundi ni yule wa simu, yule wa kamera, yule aliyekufungia WiFi. Na kuna kijana wa dukani. Kanuni ni hii: mpe mtu kile tu anachohitaji kwa kazi yake, kwa muda anaouhitaji.

- Kijana anajibu wateja? Muunganishie kifaa chake kama kifaa cha pili cha WhatsApp. Simu kuu na PIN ya malipo vibaki kwako.
- Anayesimamia ukurasa wa Facebook mpe nafasi kupitia Meta Business Suite. Hahitaji nenosiri lako.
- Fundi wa WiFi au kamera akimaliza tu, badilisha nenosiri siku hiyo hiyo. Akiona aibu mweleze ni utaratibu wa duka kwa mafundi wote.
- Simu ikienda kwa fundi, chomoa laini, toka kwenye akaunti za hela, usiandike PIN kwenye karatasi uliyoigundisha nyuma ya simu.
- Mtu akiacha kazi, hata mkiachana kwa amani, ondoa vifaa vyake na badilisha manenosiri kabla jua halijazama. Mnabaki marafiki, na yeye mwenyewe anabaki salama siku kitu kikipotea.

Na mfundishe kijana bila kumtisha. Akisoma namba kwa bahati mbaya, anatakiwa akuambie ndani ya dakika moja. Akiogopa kufokewa ataficha, na tapeli atapata saa nzima.

MLANGO WA 8: BAKAPU

Masika ya 2024 maji yaliingia kwenye nyumba za watu hapa Ifakara. Kompyuta iliyolowa haijali kama nenosiri lako ni zuri. Umeme nao unakatika, simu zinaibiwa, mtoto anafuta picha.

Kanuni ya zamani ya maadmini ni 3-2-1: nakala 3 za taarifa muhimu, kwenye aina 2 tofauti za hifadhi, na 1 iwe nje ya duka. Kwa duka dogo: faili la hesabu liko kwenye laptopu, nakala kwenye flashi iliyo nyumbani au kwa dada yako sehemu ya mwinuko, nakala nyingine kwenye Google Drive. Flashi ya bakapu isikae imechomekwa muda wote, maana kirusi kikifunga laptopu kitaifunga na yenyewe.

Halafu ijaribu. Mara moja kwa mwezi fungua nakala ya flashi uone kama faili la wadaiwa linafunguka. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

MLANGO WA 9: TAARIFA ZA WATEJA

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake. Majina, namba za simu, mtaa anaokaa mteja, picha ya kitambulisho chake: vyote ni taarifa binafsi, na anayezikusanya ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda na kujisajili kwenye Tume. Tembelea ofisi au tovuti yao ujue linalokuhusu.

Kuna tabia tunayo wauzaji wa mtandaoni: kupost skrinishoti za miamala kama ushahidi kwamba watu wananunua. Jina la mteja lipo, namba ipo, kiasi kipo. Tapeli anachukua orodha hiyo anawapigia mmoja mmoja: "Ule mchele ulionunua jana wa elfu themanini, kuna ofa." Anaaminika kwa sababu anajua kila kitu. Ficha jina na namba kabla ya kupost, au omba mteja aandike maoni yake tu. Na ukimaliza na picha ya kitambulisho, ifute.

UKIVAMIWA: SAA YA KWANZA

1. Ingiza upya namba yako kwenye WhatsApp kwenye simu yako, uthibitishe kwa namba sita mpya zitakazokuja. Ukizithibitisha, tapeli anatolewa. Kama alishaweka PIN yake ya hatua mbili, utasubiri siku 7 kuingia, lakini na yeye ameshatoka.
2. Tangaza. Weka Instagram, Facebook, meseji za kawaida, kila ulipo: "WhatsApp yetu imevamiwa, msitume hela." Usione aibu. Kila dakika ya aibu ni mteja mmoja.
3. Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wa simu ambako hela imetumwa, uwaeleze muamala. Mteja aliyetuma naye apige mwenyewe, maana muamala ni wake. Hela ikiwa haijatolewa, kuna nafasi.
4. Ripoti namba ya tapeli TCRA kwa kutuma meseji kwenda 15040.
5. Nenda polisi na ushahidi: skrinishoti, namba, muda, IMEI. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu kuingia bila ruhusa, kujifanya mtu mwingine na wizi wa njia ya mtandao. Omba RB, utaihitaji.
6. Badilisha nenosiri la baruapepe kwanza, kisha mengine, kwa kutumia kifaa unachokiamini.

UKAGUZI WA JUMAPILI, DAKIKA 15

Kabla wiki mpya haijaanza: angalia vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Angalia orodha ya vifaa kwenye rauta. Weka apdeti. Nakili faili la hesabu kwenye flashi. Linganisha salio la Lipa Namba na daftari la mauzo. Uliza vijana kama kuna simu ya ajabu imepigwa wiki hii. Basi, kapumzike.

Usijaribu kufunga milango yote tisa leo. Utachoka uache. Leo usiku funga miwili: PIN ya hatua mbili ya WhatsApp, na *106#. Kesho rauta. Keshokutwa baruapepe. Ndani ya wiki mbili duka lako litakuwa salama kuliko lilivyokuwa mwaka mzima.

Yule kijana wangu bado yuko kazini. Wiki iliyopita alipigiwa tena, mtu mwingine, hadithi nyingine, namba sita zile zile. Akajibu, "Samahani kaka, kwetu namba hazisomwi," akakata, akanipigia. Siku hiyo tulituma magunia manne Dar, na mteja akalipa kwenye Lipa Namba ile ile moja.

Hifadhi posti hii, mtumie mwenzako anayeuza mtandaoni, hasa yule anayesema atafanya kesho.